Chupa Nyeupe ya Jumanne

Vijana wa maabara wameniomba niandike kurasa chache juu ya Daktari Adventina. Wakasema, "Wewe, Mama, ndiye unayemfahamu kuliko sisi wote." Ni kweli. Mtu unayempenda unaweza kumsahau wiki nzima, lakini unayemwonea wivu humsahau hata tonge likiwa mdomoni. Mimi nimemwonea wivu Adventina tangu tukiwa na sare za shule, na sasa nimestaafu. Kwa hiyo mmeuliza mtu sahihi.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyangu havikuwa vingi, na vyake vimeshaandikwa na watu wenye mwandiko mzuri kuliko wangu.

Tulisoma darasa moja, mimi wa Ijumbi, yeye wa Rubya, wote mabinti wa wakulima wa ndizi na kahawa. Katika mtihani wa kidato cha nne nilimshinda kemia. Naliandika hili mapema kwa sababu katika sherehe zote alizofanyiwa halijatajwa hata mara moja. Masomo mengine yote alinishinda, lakini kemia nilimshinda. Baba yangu alisema binti aliyemaliza kidato cha nne amemaliza, akanipeleka chuo cha mafundi wa maabara. Baba yake, mtu wa misa ya kila asubuhi, alisema kama Mungu amempa mtoto kichwa, yeye ni nani wa kumnyima daftari. Basi Adventina akaendelea kidato cha tano, akaenda chuo kikuu, akavuka ng'ambo, na huko akasomea kemia ya bahari. Habari ilipofika kwetu watu walicheka sana. Mama yangu aliuliza kama bahari iko kabla ya Biharamulo au baada yake. Mimi nilicheka kuliko wote.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kazi katika maabara ya maji pale Bukoba, chini ya Mzee Kalikawe. Wiki ya kwanza nzima niliosha chupa. Nilimwambia nina cheti, akaniambia cheti hakioshi chupa. Alikuwa akiinua kila chupa mwangani, na akiona alama ya kidole anairudisha kwenye beseni. Wiki ya pili akanipa daftari na kalamu ya risasi, kwa sababu wino ukilowa maji ya ziwa unakimbia. Akaniambia, "Andika unachokiona, saa ile unapokiona. Kufikiri utafikiri baadaye." Sheria hiyo niliishika mpaka siku ya kustaafu. Katika madaftari yangu yote hakuna mstari mmoja wa uongo, nanyi mnaweza kwenda kuyafungua. Mdomo wangu ni habari nyingine, na tutafika huko.

Kipimo nilichokipenda ni kile cha hewa iliyomo majini, ile ambayo samaki anaivuta. Nyie leo mna kifaa cha kuchovya, kinawapa tarakimu kwenye kioo. Sisi tulikuwa na kamba yenye fundo kila mita, na bomba lililo wazi juu na chini. Unalishusha bomba mpaka kina unachokitaka, unaachia kipande cha risasi kifuate kamba, kinagonga, bomba linajifunga na kuyakamata maji ya huko huko. Ukilipandisha unajaza chupa ya kioo mpaka imwagike, maana kiputo kimoja cha hewa kinaharibu safari nzima. Halafu, mkiwa bado ndani ya boti, unatia dawa mbili, unafunga kizibo na kuigeuzageuza chupa. Kama maji yana hewa, ndani yake kunatanda utando wa kahawia. Kama hayana, utando unabaki mweupe. Kiasi kamili utakipata maabara kwa bureti, ule mrija wa kudondosha dawa tone kwa tone, na wanga unaoonyesha rangi ya bluu. Lakini kama hewa ipo au haipo, rangi inakuambia hapo hapo, kabla hujafuta mikono. Mlishike hilo.

Wanga wenyewe ulituishia mara nyingi, na barua zetu za kuomba mwingine zilikuwa na tabia ya kupotelea njiani. Niliutengeneza kwa unga wa muhogo, nikauchuja kwa kitambaa, ukafanya kazi vizuri tu. Miaka mingi baadaye Adventina aliandika katika ripoti kwamba "wanga wa kienyeji ulitumika". Aliyeutengeneza hakutajwa.

Maana alirudi. Siku moja mkuu wetu aliingia na mwanamke mrefu mwenye miwani na viatu vya mpira, akatutangazia kwamba huyu ni Daktari, bingwa wa kemia ya bahari, mwanamke wa kwanza kutoka kwetu kufika mbali namna ile. Alikuwa ameishi melini majuma kwa majuma, mwanamke peke yake kati ya wanaume, akipima maji ya vilindi ambavyo kamba yetu isingefika hata tungeunganisha kumi. Aliponiona alinikumbatia mbele ya wote. "Leokadia! Huyu alinishinda kemia," akawaambia.

Mtaona nimesema hakuna sherehe iliyolitaja jambo hilo. Maabara haikuwa sherehe. Na niwaambie ukweli, nilimchukia zaidi kwa kulisema, kwa sababu mtu husema hivyo akiwa amekwisha kukupita kiasi kwamba haimgharimu kitu.

Mzee Kalikawe alikuwa amestaafu, hivyo mimi ndiye niliyemwonyesha vyombo vyetu. Alijifunza haraka, ila mkono wake kwenye bureti ulikuwa mzito kidogo, na mwisho wa rangi ya bluu mimi niliuona tone moja kabla yake. Nilifurahia tone hilo miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Kila sentensi yake ilianza na "kule baharini". Kule baharini tulifanya hivi, kule baharini chupa zilikuwa vile. Asubuhi moja nilizihesabu, nikafika kumi na saba kabla ya chai.

Wageni walipokuja walipiga picha naye. Iko moja ukutani pale maabara: Daktari ameinama ubavuni mwa boti, ameshika bomba, nywele zinapeperuka. Kwenye ukingo wa picha kuna mkono umeshika kamba. Mkono ule ni wangu.

Jambo aliloleta, na ambalo sasa mnalisoma kama amri ya kanisa, ni hili: kwamba ziwa letu, kama bahari, lina chini yake. Wakati wa mvua na jua kali maji ya juu yanapata joto na kukaa peke yake, ya chini yanakaa gizani, yanaoza, yanaishiwa hewa. Kiangazi upepo wa kusini ukivuma kwa nguvu, unayasukuma maji ya juu, na yale ya chini yanapanda ufukweni. Samaki watakaokutwa hapo, alisema, watakufa kwa kukosa pumzi bila mtu yeyote kuwagusa. Wakubwa walimsikiliza kwa adabu, halafu wakamwambia kule ni baharini, huku ni Kagera. Nilikuwa nimekaa nyuma na trei ya vikombe. Nilisikia raha mwilini.

Sasa nije kwenye Jumanne.

Ilikuwa kiangazi, na upepo ulikuwa umevuma siku tatu. Zikaja habari kwamba katika mwalo mmoja wa wavuvi kule Muleba samaki wamekufa na wamejaa ufukweni. Adventina alikuwa na mkutano, akaniambia nitangulie na dereva. Nilipofika nilikuta sangara wakubwa wamelala mchangani midomo wazi, na sato wengi, na watu wameziba pua. Pembeni kijito kilipoingilia ziwani niliona kambale wakizunguka hai, wanapanda juu kugugumia hewa. Kambale huweza kuvuta hewa ya nje. Niliwaona, nikaandika.

Watu walikuwa wameshapata mwenye kosa. Alikuwa Ta Rwegasira, mzee mvuvi aliyependa kuvua peke yake, mwenye kibanja cha migomba na kahawa juu kidogo ya mwalo. Jumapili alipulizia kahawa yake mrututu, ile dawa ya ukungu wa majani, na Jumatatu alionekana akisuuza bomba la kupulizia ziwani. Kosa hilo alilifanya kweli, na wengi wetu tumelifanya. Lakini mwaka uliotangulia kuna watu walikamatwa upande mwingine wakivua kwa sumu, na hasira ya watu haikuwa imepoa. Walikuwa wamemfungia ofisi ya kata, mtendaji akisema ni kwa usalama wake.

Nilipanda boti. Nikashusha kamba, fundo baada ya fundo, nikajaza chupa, nikatia dawa mbili, nikageuza. Nyeupe. Nikachukua ya juu zaidi. Nyeupe. Nikachukua ya juu kabisa, pale pale sangara walipokuwa wanaelea. Kulikuwa na kivuli kidogo cha kahawia, kama maji ya chungu kilichopikiwa kahawa jana, basi. Nikaandika: Jumanne, saa nne asubuhi, nyeupe, nyeupe, karibu nyeupe.

Nilijua. Sitaki kijana yeyote anayesoma hapa anitafutie udhuru. Nilijua nikiwa bado nimeishika ile chupa kwamba hakuna aliyetia sumu, kwamba maji ya chini yamepanda, na kwamba Adventina alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Na kitu kilichonipanda kifuani hakikuwa furaha ya kumwokoa mtu. Niliona picha nyingine ukutani. Niliona wageni. Niliona mkono wangu ukingoni.

Nilipofika nchi kavu mwenyekiti wa kamati ya mwalo alinifuata. Mke wa Rwegasira alikuwa nyuma yake, amejifunga kanga kiunoni.

"Wasibota, waitu," mwenyekiti akanisalimia. "Mmeona nini? Ni sumu?"

"Majibu bado," nikamwambia. "Mpaka maabara."

"Hata kwa macho tu, Ma?"

"Kwa macho hatupimi."

Mke wa Rwegasira akapiga magoti kunisalimia kwa adabu ya kwetu, akanishika mikono yote miwili. "Ma, mume wangu amesuuza bomba tu. Naomba uwaambie amesuuza bomba tu."

"Tutapima, mama," nikasema. "Tusubiri."

Majibu bado. Sentensi hiyo ndiyo pango la mafundi wa maabara. Nyuma yake unaweza kujificha na hakuna anayekulaumu, kwa kuwa inafanana na uangalifu. Nilijiambia labda ni mrututu kweli, lazima nao upimwe. Mrututu wa bomba moja la mgongoni katika ziwa lile! Mtoto wa darasa la tano angenicheka.

Niliporudi Bukoba, Adventina aliniuliza, "Vipi?" Nikamwambia sijamaliza. Hakunisukuma, maana hakuna aliyewahi kunisukuma. Nilikuwa na sifa ya kutokosea. Chupa nikazifungia kabatini. Jumatano nzima nilifanya kazi nyingine. Niliosha vyombo visivyohitaji kuoshwa. Nilikuwa nasubiri nini? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani nilitaka siku moja tu ya kujua kitu ambacho yeye hakijui.

Alhamisi asubuhi dereva aliingia akasema, bila hata kukaa, "Wamekata migomba ya yule mzee. Jana jioni. Yote."

Mtu asiye wa huku ataona ni ndizi. Kwetu kibanja ndicho nyumba yenyewe. Humo ndimo wazazi wamezikwa, humo ndimo mtoto anazaliwa, na migomba huachiwa mtoto na baba aliyeachiwa na babu. Ukitaka kumwambia mtu kwamba si mwenzenu tena, unamkatia migomba. Vijana walikuwa wameingia na mapanga, wakaiangusha mpaka ile iliyofunika kaburi la baba yake.

Nilichukua daftari nikaliweka mezani kwa Adventina. Alisoma ukurasa ule muda mrefu. Nilimwona akifika kwenye mstari wa saa, nikaona kidole chake kikisimama hapo. Aliinua macho akanitazama, akafunga daftari. "Andaa chupa na dawa," akasema. "Twende." 

Watu walikusanywa mwaloni. Rwegasira aliletwa kutoka ofisi ya kata, amepitishwa kuliona shamba lake, anatembea kama mtu anayetoka msibani. Adventina hakuwahubiria. Aliomba mtu yeyote apande boti pamoja nami, akateke maji ya ufukweni na maji ya chini kabisa kwa mkono wake mwenyewe, na alimwomba mwingine achote ya mtoni. Akazipanga chupa tatu juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akatia dawa mbele ya macho yao. Ya mtoni ikawa kahawia. Ya chini ikabaki nyeupe. Ya ufukweni ikageuka kidogo tu, maana upepo ulikuwa umetulia na hewa inarudi. "Hii nyeupe haina pumzi," akawaambia. "Samaki wenu walizibwa pua. Huyu mzee hakuua hata dagaa mmoja."  Walioshika mapanga jana waliangalia miguu yao. Hata mimi, na wivu wangu, niliona kwamba sijawahi kuona kazi nzuri kama ile.

Ndipo Rwegasira akatoa heshima kwa Kihaya, akasema. Hakupandisha sauti.

"Kasinge, waitu. Nimeona. Lakini naomba kuuliza. Rangi imetokea hapa hapa, sijamaliza hata kukohoa. Huyu dada alikuja Jumanne, akapima Jumanne. Mbona mmekuja Alhamisi?"

 Nilifungua mdomo. Nawaapia niliufungua.

"Aliniletea majibu siku ile ile," Adventina akasema. "Mimi ndiye niliyeyakalia. Nilitaka kuhakikisha. Kosa ni langu, Ta, na ninakuomba radhi."

Mtu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukadiria tarakimu, alisimama mchangani akasema uongo mzima mzima kwa ajili yangu. Nami nikafunga mdomo.

Garini nilisema, "Adventina." Akajibu, "Upo ukungu, dereva, nenda polepole." Hakukuwa na ukungu. Hatukulizungumza tena.

Kazi ile ilimpa jina. Nyie mnajua yaliyofuata, mialiko na tuzo, na wanafunzi wa kike waliokuja kutoka mikoa ya mbali kusema wanataka kuwa kama yeye. Lakini Rwegasira hakumsalimia tena. Tulikwenda mwalo ule kila kiangazi kwa miaka kumi na minne. Mimi alinipokea kwa mikono miwili, akanipa kahawa ya kutafuna, akanipakilia mkungu garini mara tu migomba mipya ilipoanza kuzaa. "Wewe ulifanya kazi yako mapema," aliniambia. Lakini Adventina, mzee alimpita kama anapita mti. Kwa mwanamke wa Kihaya kunyimwa salamu na mzee mbele ya watu si jambo dogo. Adventina alisimama pale na daftari lake, akisubiri.

Na mimi, wanangu, nilifurahi. Wilaya nzima ilimpenda yeye, na palikuwa na mtu mmoja aliyenipenda mimi zaidi. Nilikula ndizi zile. Zilikuwa laini, na nilizila zote.

Nilistaafu mwaka huu. Mlinifanyia sherehe nzuri, na Adventina, ambaye sasa ni mzee mwenye fimbo, alikuja kutoka Kahororo akasema tena kwamba nilimshinda kemia. Safari hii ilikuwa sherehe, kwa hiyo hesabu yangu ya malalamiko imepungua kwa moja. Siku chache baadaye nilipanda gari mpaka kwa Ta Rwegasira. Alikuwa kitandani nje, anaota jua, mkewe anamenya ndizi. Niliwaambia yote, kuanzia chupa ya kwanza mpaka kabati. Sikuacha kitu.

Hakunitukana. Alitazama migomba yake. Kisha akasema, "Miaka kumi na minne nimemnyima yule mama salamu."

"Ndiyo, Ta."

"Na yeye alikuwa anakuja tu."

"Alikuwa anakuja."

Mkewe aliweka kisu chini, akaingia ndani, hakutoka mpaka nikaondoka. Yeye ndiye aliyenipigia magoti siku ile, na sina cha kumdai.

Wiki iliyofuata simu yangu ililia. Alikuwa Adventina. Rwegasira alikuwa amepelekwa na mwanawe mpaka Kahororo, amekaa sebuleni kwake mchana kutwa.

"Kwa nini umemwambia, Leokadia?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. "Mimi nilikuwa nimeshazoea. Jambo lenyewe lilikuwa limekwisha."

Nilifikiria maneno mazuri ya kanisani, toba na dhamiri, na yote yangekuwa na ukweli kiasi. Lakini kwa mara ya kwanza nilitaka kumwambia nilichokiona, saa ile nilipokiona.

"Adventina," nikamwambia, "una bahari, una ziwa, una jina. Lile kosa lilikuwa langu. Nimekwenda kulichukua."